Foo wili ya magurudumu mawili, nusura niingizwe mjini!

Leo sina habari ya mapenzi wala ya mitindo ya nywele. Leo nawasimulia jinsi nilivyolala chali chini ya gari la watu, mchana kweupe, pale Kinondoni, nimevaa gauni. Ndiyo, gauni. Waliokuwepo walicheka mpaka wakashika mbavu na mimi nimewasamehe, maana nisingelala pale, sasa hivi ningekuwa napita vichochoroni kuwakwepa washkaji zangu.

Tuanze mwanzo. Tuko wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, tuliomaliza sekondari pamoja. Ajira za maana hatuna. Mmoja anauza simu Kariakoo, mmoja ana saluni, mmoja anapiga picha za harusi, na wa nne ndiye huyu mnayemsoma. Oktoba 2024 Landrova zilipokusanyika Arusha, mamia kwa mamia, kila simu ya kijana hapa Dar ilijaa picha za vumbi na mahema. Tukapagawa. Tukasema na sisi tutafute gari la kupandisha milima, twende tukalale porini, tuachane na kila Jumamosi kukaa baa ile ile na kusikiliza nyimbo zile zile.

Tukafungua kibubu. Kila mtu laki moja na nusu kwa mwezi, miezi 12. Pigeni hesabu, ni milioni 7 na laki 2. Mshiko wote ukawekwa kwenye akaunti yangu kwa madai kwamba mwandishi hana njaa ya kuiba. Hawatujui waandishi wa kujitegemea! Mpiga picha wetu ilibidi auze lenzi yake moja ili amalizie michango ya miezi miwili ya mwisho. Hiyo lenzi ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Usiku naota imevunjika mikononi mwangu.

Gari gani sasa? Landrova tuliisahau siku ya kwanza, kwa vile nzuri haikamatiki kwa hela yetu, na ile inayokamatika inataka umuoe fundi kabisa. Prado na Surf, bei zake tulizisoma tukacheka. RAV4 zimejaa mjini na ni gari zuri, sikatai, lakini nyingine zinavuta kwa miguu ya mbele tu, na hata zile zinazovuta miguu yote minne hazina gia ya chini. Gia ya chini ndiyo ile 4L unayoiona kwenye kirungu cha pili pembeni ya gia. Inapunguza mwendo na kuongeza nguvu, gari linatembea taratibu kama kinyonga lakini linapanda. Na kwenye kuteremka ndiyo utamu wenyewe, injini inalishika gari bila wewe kuikanyaga breki mpaka inuke.

Tukaangukia kwenye Suzuki Escudo ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1988. Gari dogo, injini ndogo, lakini limekaa juu ya chesisi kama lori, lina 4H na 4L, na spea zake Gerezani na Ilala hazikosekani. Kuagiza Japani haikuwezekana. Gari lililozidi umri linapigwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa kawaida, na Escudo hizi zote ni vikongwe. Kwa hiyo ikawa ni hapa hapa, mkono kwa mkono, na madalali.

Mtaani kwetu yupo fundi mmoja. Jina simtaji, sote tunamwita Anko. Gereji yake ni mwembe na ngazi mbili za mbao. Baiskeli yangu ya shule ya msingi aliiunga yeye. Mwaka baba alipougua, Anko ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali usiku kwa pikapu lake bovu, na hela ya mafuta hakupokea hata siku moja. Baba alipofariki, Anko alikuwa kaburini tangu asubuhi, jembe mkononi. Sasa niambie msomaji, ukitaka kununua gari utamchukua fundi gani mwingine?

Basi siku hiyo tukatia timu Kinondoni, mimi na Anko. Dalali katusubiri. Mama yangu, gari lile! Kijani cha kung'aa, rangi bado inanukia. Mbele bampa la chuma, juu keria na taa nne, tairi zimepakwa dawa mpaka unajiona. Ubavuni ule mdomo mrefu mweusi unaopanda mpaka kwenye paa, snokeli, wa kuvutia hewa wakati gari linavuka mto. Bei milioni 7 kamili. Nikaanza kuwaona washkaji wamekaa juu ya keria na miwani ya jua.

Anko akafungua boneti, akasikiliza injini kama daktari. Akainama akaingia chini, akakaa huko kama dakika moja, akatoka anajikung'uta. Akasema, "Mwanangu, gari hii mashine. Lipa hapa hapa kabla hajaja mwingine."

Dalali naye akadakia, "Dada, saa nane kuna bwana anatoka Moshi anaifuata, hela anayo kwenye mfuko. Mimi nakupa wewe kwa heshima ya fundi."

Nikaingia ndani, nikawasha, nikavuta kile kirungu cha pili mpaka 4H. Taa ya kijani ya 4WD ikawaka kwenye dashibodi. Raha iliyonipata siwezi kuielezea. Nilikuwa nimetoka na laki tano ya advansi na mkono ulishaingia kwenye pochi.

Kilichoniokoa ni udadisi wa kijinga. Nilitaka kupiga picha nimeegemea ile snokeli. Nikaiegemea, ikacheza. Nikaisukuma, ikacheza tena kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikaenda kwenye boneti kutafuta inaingilia wapi. Haiingii popote! Imegandishwa kwenye bodi kwa gundi, hata tundu halikutobolewa. Hewa inavutwa pale pale ilikokuwa inavutwa tangu Japani. Ukivuka nayo mto, injini inakunywa maji kama kawaida.

Anko akacheka kidogo. "Hilo pambo tu mwanangu, ujana huo."

Sawa, pambo. Lakini kichwani nikajiuliza, kama pua ni ya bandia, miguu je? Nilikuwa nimeshasoma kwamba gari la namna hii, kwenye giaboksi kuna boksi jingine linaitwa transfa, na kutoka pale zinatoka propela shafti mbili, moja inakwenda nyuma na moja inakwenda mbele. Nikamwambia Anko anionyeshe ya mbele.

"Nimeshaangalia mimi."

"Najua Anko, nataka na mimi nijifunze."

"Mtoto wa kike na gauni hilo utaingiaje chini ya gari? Watu wanatazama."

Kweli walikuwa wanatazama. Mama ntilie, bodaboda wanne, na vijana wa duka la vocha. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikaikusanya gauni, nikaifunga kwa khanga niliyokuwa nayo, nikalala chali kwenye mchanga nikajisukuma. Nyuma niliikuta propela, nene, ina grisi. Mbele sikuona kitu. Pale ilipotakiwa iwe, mdomo wa transfa ulikuwa umezibwa na kipande cha tyubu na kufungwa kwa waya. Kumbe difu ya mbele ilikufa, mwenye gari akaona gharama, akaing'oa propela na kuendelea na maisha. Ile taa ya kijani nayo haikunidanganya sana, swichi yake ipo kwenye transfa na inawaka ukivuta tu kirungu, haijui kama huko mbele kuna propela au hakuna.

Nikiwa bado chini nikachukua ufunguo wa nyumbani nikakwangua chesisi karibu na gurudumu la nyuma. Rangi nyeusi ilibanduka na kutu ikanidondokea usoni kama ugoro. Hewa ya chumvi ya huku pwani haina mchezo, na nimeambiwa hata zile zilizotoka sehemu za Japani zenye theluji huja zimeliwa kwa chini, maana barabara za kule humwagiwa chumvi.

Nilipotoka nilimtazama Anko. Yeye alitazama mwembe wa jirani. Dalali ndiye aliyekuwa akiongea, "Dada hiyo inarudishwa, spea zipo, laki nne tu..." Sikumsikiliza. Watu walikuwa wanacheka nywele zangu zilivyojaa mchanga.

Kwenye bajaji tulikaa kimya mpaka Magomeni. Halafu Anko akasema mwenyewe, bila kuulizwa. Dalali alimwahidi laki tatu.

"Lakini mwanangu," akasema, "mjini hapa nani anatumia foo wili? Mtakwenda Coco Beach mle mihogo, mpige picha, mrudi. Gari injini yake nzima ile, ingewafaa. Mimi sikutaka kuwaumiza."

Msomaji, nilitaka kumpigia kelele nikashindwa, na si kwa ajili ya adabu tu. Nilishindwa kwa sababu nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Wangapi mjini wana keria na taa nne na hawajawahi hata kufika Kisarawe? Alitupima akatuona ni watoto wa picha. Hilo liliniuma kuliko laki tatu.

Washkaji niliwaambia yote. Mwenye lenzi alikasirika akataka twende pale mwembeni tukamchane mbele ya wateja wake. Nikakataa. Sikuwa na sababu ya kumpa, nilikataa tu. Kwa wiki tatu nikawa napita njia ya nyuma, na tukikutana dukani shikamoo yangu inatokea puani. Mama nilimweleza jikoni. Alinyamaza, akaendelea kutwanga kisamvu, kilipoiva akajaza bakuli akaniambia nimpelekee Anko. Nikampa mdogo wangu apeleke.

Gari tulilipata Morogoro, kwa mzee mmoja bwana shamba mstaafu. Safari hii nilikwenda na fundi mwingine nisiyemjua kabisa, wa Ilala, na kabla hatujapanda basi nilimlipa elfu 50 yake ya kuangalia. Nikamwambia tununue tusinunue hela hiyo ni yako, na nauli na chakula juu yangu. Mwenye saluni aliniambia hela hiyo nimeitupa. Mimi nakwambia ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote, kwa vile fundi anayelipwa na mwenye gari, au anayelipwa pale tu gari linaponunuliwa, huyo si fundi wako.

Gari lenyewe sasa! Jeupe lililofubaa, namba B, kiti cha dereva kimechanika, kioo kimoja cha nyuma hakishuki. Wenzangu nilipowatumia picha walinijibu kwa vicheko. Lakini yule mzee, kabla sijafungua mdomo, alileta gunia akalitandika chini akasema, "Lala uangalie, mama." Nikamshikia fundi tochi na kulala pembeni yake. Propela mbili zipo. Chesisi ina kutu ya juu juu, fundi aliigonga kwa bisibisi kila mahali ikalia kama kengele. Mfuniko wa oili tuliufungua, ndani safi. Ukikuta umeganda kitu cheupe kama uji, ujue maji yanaingia kwenye oili, gasketi ya silinda hedi imekwenda, funga ukapande basi. Moshi nao haukuwa wa bluu.

Halafu mzee akatupeleka kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba yake. Akatia 4H, akakata stelingi mpaka mwisho na kwenda polepole. Gari likawa linajikaza, linaruka ruka kama mbuzi anayevutwa kamba. Nikajua limeharibika. Akacheka. Akaeleza kwamba kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayatembei umbali mmoja, na foo wili ya aina hii imeyafunga pamoja, kwa hiyo lazima yagombane. Kwenye vumbi na tope yanateleza kidogo mambo yanakwisha. Kwenye lami kavu hayana pa kuteleza, unavunja vyuma. Ukiona halijikazi kabisa, ndiyo uanze kujiuliza propela iko wapi. Nilimkumbuka mtu fulani hapo, sikusema.

Kasoro nyingine alizitaja mwenyewe. Kiyoyozi kimekufa, sili ya nyuma ya injini inavuja kidogo, mkanda wa taimingi hakumbuki aliubadili lini. Alikuwa na daftari la shule alilokuwa akiandika kila oili aliyomwaga. Alitaka milioni 5 na nusu, tukamalizana 5 na laki 2. Namba ya chesisi tuliilinganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu, tukaangalia kwa namba ya gari kama lina faini za trafiki au deni la maegesho, tukaandikishana kwa wakili, na kadi nikahamisha TRA kwa jina langu. Ndiyo, jina langu, washkaji wanajua.

Zile milioni 2 zilizobaki ndizo zilizotengeneza gari. Tairi nne mpya, mkanda wa taimingi, oili zote mpaka za difu na transfa, bima ndogo ya 118,000. Mahema mawili tulichimbua kwenye mitumba ya Karume. Mawili, wavulana lao na wasichana letu, mama nawe usome vizuri hapo.

Tulikwenda Usambara. Chalinze, Segera, Mombo, tukapanda Lushoto kwa lami, na kesho yake tukashika barabara ya Mtae. Mvua ilinyesha usiku. Udongo wa kule ni mwekundu na ukilowa ni sabuni. Kwenye kona moja, kushoto ukuta wa mlima na kulia mabonde hadi huko chini, gari lilianza kwenda kiubavu lenyewe, taratibu, mimi nimeshika stelingi na stelingi haina habari na mimi. Hakuna aliyepiga picha. Nikasimama, nikatia 4L na gia ya kwanza, nikatoa mguu kwenye breki kama yule mzee alivyonifundisha. Escudo ikajikusanya, ikashuka hatua kwa hatua, tukavuka. Nyuma mtu alikuwa anasali kwa sauti, sisemi nani. Juu kule Mtae tuliomba ruhusa kwa wenyeji tukafunga mahema, na asubuhi mawingu yalikuwa chini yetu. Mwenye lenzi alikaa kimya saa nzima. Mimi hilo lilinitosha.

Tulirudi na mlio. Kila nikianza kuondoka, mbele kuna kitu kinagonga, ko! Nilimpigia yule fundi wa Ilala akasema atakuja, hakuja. Siku ya tatu asubuhi natoka nje na mswaki mdomoni, naona miguu miwili inatokea chini ya Escudo. Kandambili zile nazijua tangu niko darasa la pili.

"Shikamoo Anko."

"Marahaba." Kimya. Chuma kikagonga chuma. "Mama yako kasema gari inalia."

Sikujibu. Nilisimama pale na povu la mswaki.

"Krosi ya propela ya mbele imekwisha," sauti ikatoka chini. Halafu baada ya muda, "Kumbe mmeitumia kweli."

"Tulifika Mtae."

"Mtae ya Lushoto?" Miguu ikaacha kucheza. "Na mvua hizi?"

"Na mvua hizi. Krosi shilingi ngapi, Anko?"

Akanitajia bei. Safari hii nilikuwa nimeshapita Gerezani, bei naijua, na ilikuwa ile ile. Nikaenda kutema povu, nikalichukua gunia la mzee kutoka kwenye buti, nikalitandika upande wa pili na kulala chali.

"Nionyeshe," nikamwambia.

Akasogea kidogo kunipisha, akanipa tochi niishike.